Hatua Tisa Kutoka Dirisha la Kodi

Jumatatu, 3 Machi

Tumeshika namba mbili! Kati ya halmashauri kumi na sita! Bosi kaingia na karatasi mkononi, miwani machoni. Na miwani ya bosi wetu si ya mapambo. Ikiwa mfukoni, hayo ni maneno tu. Ikiwa machoni, jua kuna kitu kinasainiwa. Akasoma kwa sauti: makusanyo ya kodi ya majengo, asilimia tisini na moja. Muda wa kushughulikia posho za wazee, kutoka siku arobaini na saba mpaka kumi na tisa. Makofi chumba kizima. Halafu akaninyooshea kidole — huyu hapa ndiye mwenye wazo lile.

Niliandike vizuri, siku nikizeeka nijue niliwahi kuwa na akili. Kila mwaka mzee anayepokea posho anaandikiwa barua: njoo na kitambulisho tuone uko hai na unaishi palepale. Asiyejibu, faili lake lilikuwa linalala mezani miezi na miezi na kutuharibia hesabu. Mwaka jana nikasema: siku kumi na nne. Barua, kumbusho, notisi. Kimya? Funga. Faili lililofungwa halihesabiwi kuwa linasubiri. Rahisi!

Ijumaa ya tarehe ishirini na moja anakuja mgeni kutoka makao makuu kugawa vyeti. Changu kitakuwa na fremu. Nimefika nyumbani nimevimba kichwa, nikamwambia mama. Akauliza hicho cheti kinaliwa na mboga gani. Mama huyu!

Jumanne, 4 Machi

Nimehamishiwa dirisha la kodi. Mwenzetu wa pale kajifungua — mapacha! — kwa hiyo nashika nafasi yake mpaka mwisho wa mwezi. Kazi zangu za posho nitazifanya jioni jioni. Si mbali, ni kuvuka korido tu.

Kioo cha dirisha kina ufa uliozibwa kwa karatasi ya gundi. Kalamu ya wananchi imefungwa kamba isiibwe. Kalamu yenyewe haiandiki. Kila mtu anaivuta, anaijaribu, anaiacha, anaomba yangu.

Watu wa kodi wanakuja na moto wao. Mmoja kataka kujua analipia nini wakati taa ya mtaani kwake imekufa tangu mtoto wake hajaanza shule, na sasa anamaliza. Nilimpa risiti.

Karibu na adhuhuri kaja bibi mmoja, mdogo wa umbo, mgongo umenyooka. Sindano mbili zimechomekwa kwenye kola ya gauni, moja bado ina uzi. Fundi nguo huyo, hata haulizwi. Mwenyewe kasema mtaa mzima unamwita Mama Cherehani, jina la kwenye kitambulisho wanalijua yeye na serikali tu. Akacheka. Kalipa awamu ya kwanza, noti zimefungwa kwenye kitambaa. Akaomba nimsomee risiti kwa sauti, yote, mpaka namba ya nyumba. Mia mbili na kumi na mbili. Akaikunja mara nne. Uzi ukachomoka sindanoni, akautunga tena palepale, bila miwani.

Kisha akauliza taratibu: eti mwanangu, posho ya wazee imesimama kwa wote? Ni mwezi wa tatu sasa sijaiona. Nikamjibu kwa mdomo wa ofisi — inashughulikiwa mama, vuta subira. Akasema haya, serikali nayo ina watoto wengi. Akaondoka bila hata kuligeukia dirisha la posho. Hapendi kuonekana anaomba, nadhani.

Alhamisi, 6 Machi

Posho haijasimama kwa wote. Nilijua hivyo Jumanne na nikamjibu vile. Ulimi unazoea.

Leo wakati wa chakula nilivuka korido, nikafungua kompyuta yangu, nikamtafuta. Faili limefungwa. Sababu: hakujibu barua, hayupo kwenye anwani. Aliyefunga: mimi.

Mimi! Tarehe yangu, sahihi yangu. Na juzi nimepokea kodi ya nyumba yake kwa mikono hii hii!

Nikaangalia anwani. Upande wa posho, nyumba namba 47. Upande wa kodi, namba 212. Nikakaa naangalia namba hizo kama mjinga. Halafu nikakumbuka. Mwaka jana watu wa kodi walipita mitaa yote ya nyuma ya soko, wakahesabu nyumba upya na kupaka namba za bluu milangoni, asikwepe mtu. Ndiyo maana wana asilimia tisini na moja. Rejista yao ikabadilika. Yetu ya posho haikubadilika. Hakuna aliyetuambia. Wala hakuna aliyeuliza, na mimi nikiwemo.

Kutoka dirisha moja mpaka la pili ni hatua tisa. Nimezihesabu.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nimembana tarishi. Barua za posho unazipeleka wapi? Kanishangaa. Barua ikisema 47, naipeleka 47. Namba si imeandikwa mlangoni, bluu, kubwa hivi? Anasoma kilichoandikwa. Huyu mtu hana kosa hata la kutafuta kwa tochi.

Nimetoka naye saa nane. Mlango wenye 47 ya sasa ni wa kinyozi, mwanzo kabisa wa barabara. Nyumba ya Mama Cherehani iko mwisho, mitaa miwili mbele. Kinyozi aliposikia sisi ni wa halmashauri akaweka mkasi chini. Nikajitambulisha haraka, akapumua. Akavuta droo ya chini ya kioo. Zilikuwemo mbili — barua na kumbusho. Hazijafunguliwa. Ya tatu, notisi, aliikunja kuzuia mguu wa kiti usicheze, akaomba radhi mpaka nikaona aibu mimi.

Anasema kila mzee aliyekuja kunyoa alimuuliza: wewe ndiye huyu wa kwenye bahasha? Miezi yote hiyo! Wazee wa kiume wakionyeshwa jina la mwanamke. Mteja aliyekuwa kitini, nusu kichwa kimenyolewa, akacheka mpaka sabuni ikamwingia jichoni. Na mimi nikacheka. Kisha njia nzima ya kurudi nikawa nasoma namba za milangoni.

Kama ni yeye peke yake, sawa. Lakini namba zilipakwa mitaa minane.

Jumatatu, 10 Machi

Sitini na mmoja.

Wote nyuma ya soko. Wote tuliwaandikia kwa namba za zamani. Wote wamefungwa kwa siku kumi na nne zangu. Nikavuka tena korido, nikatafuta majina yao upande wa kodi. Arobaini na wanne wamelipa mwaka huu. Wana risiti zetu! Dirisha hili wapo, dirisha lile hawapo.

Nimemwonyesha mwenzangu wa meza ya jirani. Tumekaa naye miaka sita, nikiumwa yeye ndiye anayenibebea dawa. Akafunga mlango kwanza. Akaninong'oneza nitumie akili. Faili likifunguliwa, siku zake zinahesabiwa tangu lilipoanza kusubiri. Mafaili sitini na moja, miezi mitatu kila moja — ile kumi na tisa yetu itarudi arobaini na ngapi sijui. Namba mbili kwaheri. Na ile nyongeza ya mshahara tuliyoahidiwa chumba kizima, watu kumi na wawili, nayo kwaheri. Yeye yake tayari ni ada ya mtoto. Kasema si kwa ubaya. Macho yalikuwa yamemjaa maji.

Sikumkasirikia. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Jumatano, 12 Machi

Nimepiga moyo konde, nikaingia kwa bosi.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Kanisikiliza mpaka mwisho, akajifuta uso kwa kiganja. Kasema ni jambo la kusikitisha na lazima lirekebishwe. Lakini — alijua nasubiri hiyo lakini — mgeni anakuja tarehe ishirini na moja. Jumatatu ya ishirini na nne tunawafungua wote, asubuhi, yeye na mimi, kwa mikono yetu. Siku kumi na mbili tu. Wamesubiri miezi mitatu, kumi na mbili itawaua? Akatoa noti mfukoni mwake, kwa ajili ya yule bibi wa cherehani, nimpelekee bila kusema zimetoka wapi. Nikakataa. Akazirudisha polepole.

Ni mtu mwema, ndiyo tabu yake. Mwaka jana wote tuliona alivyomuuguza mkewe, anakuja kazini na chupa ya uji begani.

Miwani ilikuwa mfukoni muda wote.

Nilitoka nimekubali. Na niseme ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: nilitoka nimefurahi. Mzigo umehamia kwa mkubwa, mimi nani! Nikanunua hata kiberiti kipya cha mama na maua ya plastiki ya dirishani.

Ijumaa, 14 Machi

Kaja tena.

Saa nne hivi, foleni fupi. Nilimwona kabla hajanifikia na nikajitia kupanga stakabadhi. Kaweka kitambaa kwenye kaunta, akafungua. Kodi ya mwaka mzima iliyobaki. Nikamwambia mama, awamu ya pili bado, muda upo mpaka Septemba. Akasema anajua. Analipa sasa, pesa ikiwa ipo, kabla haijaliwa. Hataki mlango wake uje upigwe alama nyekundu, majirani wapite wakitazama.

Hapo ndipo nikaona kola yake. Haina sindano. Vitundu tu, vingi, vimejipanga.

Kauza cherehani.

Kaniambia kama mtu anayeelezea habari za mvua. Macho nayo yamechoka, kasema, ingawa ni uongo, uzi aliutunga juzi hapa mbele yangu bila miwani. Fundi wa sokoni ndiye kanunua. Ni kijana mwenye adabu, kamwambia: mama, mpaka Jumamosi ijayo sitaigusa. Ukirudisha pesa yangu, chukua mashine yako. Baada ya hapo naifunga mota ya umeme, iwe yangu. Akacheka kidogo. Pesa itoke wapi mwanangu?

Jumamosi ijayo ni tarehe ishirini na mbili.

Nikagonga mhuri. Nikamsomea risiti, yote, mpaka namba ya nyumba. Sauti ilinikwama kwenye namba. Kaniuliza kama nina mafua. Nikasema ndiyo.

Mafua! Nilikuwa na neno moja tu la kumpa — posho yako ilifungwa kwa kosa letu — na nikalimeza, kwa sababu nimeahidi tarehe ishirini na nne. Akaniombea nipone haraka. Nilifunga dirisha nikaenda chooni, nikalia mpaka mtu akagonga.

Jumapili, 16 Machi

Nimefua kila kitu ndani ya nyumba. Hata mapazia. Mama ananiangalia tu kutoka kwenye kiti chake. Mwishowe akauliza pazia limenikosea nini.

Nikamwambia yote. Yeye ni mwalimu mstaafu, husikiliza kana kwamba anasahihisha. Nilipomaliza akauliza: mbona mimi barua sikupata? Maana na yeye anapokea posho. Nikacheka, mama, wewe nilikuletea fomu kitandani, ukasaini huku unakunywa chai, hukumbuki? Akasema anakumbuka. Kisha: na wale wengine hawana binti ofisini.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hiyo alitufundisha tukiwa wadogo tukaimba darasani. Leo hakuisema. Angeisema ingekuwa nafuu.

Halafu nimekumbuka kitu kingine, na hiki kimeninyima raha kabisa. Malipo ya posho yanatoka Alhamisi, tarehe ishirini. Orodha inafungwa Jumatano saa kumi na moja jioni. Asiyekuwemo, mpaka mwezi ujao. Kwa hiyo tarehe ishirini na nne si siku kumi na mbili. Ni zaidi ya mwezi! Bosi anajua. Mimi najua, nimefanya kazi hii miaka tisa. Siku ile ofisini kwake tulijitia hamnazo wote wawili.

Jumatatu, 17 Machi

Nimejaribiwa. Naandika ili nisijifanye malaika.

Wazo: nimfungue yeye peke yake. Mmoja tu. Mmoja hatikisi hesabu, hakuna atakayeona. Apate malipo yake ya miezi mitatu Alhamisi, akachukue cherehani Ijumaa, na mimi nichukue cheti changu siku hiyo hiyo. Kila mtu kwake.

Nimeanza hata kuandika. Kisha mfumo ukaniuliza sababu ya kufungua. Sababu zilizomo ni nne tu, unachagua. Amejibu barua. Amerudi kwenye anwani. Ameshinda rufaa. Kosa la ofisi. Hakujibu, hakurudi kwa kuwa hakuondoka, na rufaa angeikata vipi mtu ambaye notisi yake iko chini ya mguu wa kiti cha kinyozi? Nikabaki na ya nne. Miaka tisa sijawahi kuona mtu akiichagua.

Na kama ni kosa la ofisi kwake, kwa wale sitini ni nini? Ni kosa la nani?

Nimefunga kompyuta. Sijamfungua.

Jumanne, 18 Machi

Nimeamua. Wote.

Nimemwambia mwenzangu kwanza, asije akasikia kwa mwingine. Kanigeuzia mgongo. Saa nzima akafanya kazi zake. Halafu akasogeza kiti chake, akasema kwa ukali nimsomee namba mpya za nyumba, aandike yeye, maana mimi kuandika kwangu ni kwa kidole kimoja. Tumefika thelathini na nane. Ada ya mtoto itakuwaje, sikuthubutu kuuliza. Kaondoka bila kuaga, lakini kaacha kikombe changu kimeoshwa.

Jumatano, 19 Machi. Ofisini

Saa kumi na robo. Daftari liko kwenye pochi siku zote, lakini sijawahi kuandika humu nikiwa mezani. Leo mikono inatafuta kazi.

Tumemaliza saa tisa na nusu. Mafaili sitini na moja. Kosa la ofisi, kosa la ofisi, kosa la ofisi, mara sitini na moja. Kwenye pembe ya kioo cha kompyuta ile namba yetu nzuri imekuwa inapanda mbele ya macho yetu. Kumi na tisa. Ishirini na sita. Thelathini na tatu. Imesimama arobaini na nne. Mwenzangu kasema basi, angalau si arobaini na saba. Tukacheka kama wendawazimu.

Sasa yanasubiri sahihi ya pili. Ya bosi. Bila nywila yake hayaendi kokote, na ikifika saa kumi na moja orodha inajifunga yenyewe.

Nimemwita. Kaja. Kasimama nyuma ya kiti changu, kaona namba. Kisha kasema tulikubaliana. Nikasema ndiyo, tulikubaliana, na nilikosea kukubali. Wazo la siku kumi na nne ni langu, aandike hivyo kwenye ripoti, cheti wasinipe. Nikamwambia habari ya cherehani. Nikamwambia kuhusu Jumamosi.

Akauliza kama nina hakika hawa watu wapo kweli. Nikasema nenda dirisha la kodi, bosi. Arobaini na wanne wako pale.

Akachukua orodha akatoka.

Saa kumi na nusu. Yuko pale. Ukuta wa korido ni mbao nyembamba, namsikia anasoma majina kwa yule tuliyemwita atushikie dirisha leo, na yule anajibu. Kalipa. Kalipa. Huyu bado. Kalipa. Mwanzoni alikuwa anakimbia nayo. Sasa anasoma polepole.

Mwenzangu kashika kikombe kitupu kwa mikono miwili.

Saa kumi na dakika arobaini na tatu. Wamefika hamsini na kitu. Kuna jina kalirudia mara mbili, akauliza huyu ni mzee wa bendera, aliyekuwa mlinzi hapa getini? Ndiye. Kalipa? Kalipa.

Karatasi inageuzwa.

Kumi na dakika hamsini na moja. Simu yake inaita mezani kwake. Ni makao makuu tu wanaopiga muda huu, kuhusu Ijumaa. Inaita. Inaita. Hajaenda kuipokea. Imekatika.

Viatu kwenye korido. Ni vyake, vina ile sauti ya kisigino kilichoisha. Nahesabu bila kutaka. Nne. Tano. Inaita tena ile simu. Kasimama.

Sita. Saba.

Yuko mlangoni. Orodha iko mkono wa kushoto. Macho hayapo kwetu. Mkono wa kulia anaupapasa mfukoni mwa shati, haimo, anahamia mfuko wa suruali, anatafuta miwani